Shajara ya Mradi: Forester ya Turbo Iliyovuka Kilomita 240,000

Kilomita 241,300

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya kizazi cha pili, injini ya EJ20 ya lita 2.0 yenye turbo (mapanga yanayozungushwa na gesi ya ekzosi ili kushindilia hewa kwenye injini), gia tano za mkono, na magurudumu yote manne yanavuta. Limepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na kumbukumbu za matengenezo zilizokuja nalo ni chache: risiti ya klachi, risiti ya rejeta, na kijikaratasi cha oili kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango ambacho maandishi yake yamefutika. Nia ya mradi ni kulifanya liaminike kwa safari ndefu, kisha kuliboresha hatua kwa hatua kwa vipuri vya bei nafuu, bila kuifungua injini nzima isipokuwa vipimo vikilazimisha.

Msimamo ninaouanza nao ni kwamba gari la turbo lililotembea sana huwa limekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake za kiwandani kupitia mipira iliyopasuka, njia za hewa zilizoziba na sensa zilizochoka, na kwamba hakuna boresho la bei nafuu kuliko kuzirudisha nguvu hizo kabla ya kutafuta nyingine. Kwa hiyo hakuna kipuri kitakachonunuliwa kabla ya kupima.

Dalili ni nne. Gari linachelewa kupata nguvu, hasa likipanda mlima kwa gia ya tatu au ya nne. Injini huyumba kidogo inaponguruma bila kukanyagwa mafuta. Moshi mwepesi wa buluu hutoka pale dereva anapoachia mafuta kwenye mteremko mrefu kisha akakanyaga tena. Na oili hupungua, si kwa kasi ya kutisha, lakini kwa kiasi ambacho kijiti cha kupimia hakiwezi kukificha.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kuishindilia, kwa sababu ndicho kinachoamua kama mradi unaendelea au unageuka kuwa wa kujenga injini upya. Injini ilipashwa moto mpaka joto lake la kawaida, plagi zote nne zikatolewa, umeme wa pampu ya mafuta ukakatwa, na pedali ya mafuta ikakanyagwa hadi mwisho wakati stata inazungusha. Hatua hiyo ya pedali hurukwa na mafundi wengi, na ikirukwa silinda hazipati hewa ya kutosha na kipimo husoma chini kuliko hali halisi. Silinda zote nne zilisoma kati ya bar 9.9 na 10.3. Tofauti ndogo kati ya silinda na silinda ina maana kubwa kuliko namba yenyewe, maana saa za kupimia hazifanani, ila silinda moja inayobaki nyuma ya wenzake haina utetezi. Ringi na valvu za injini hii bado zinashika. Mradi unaendelea.

Kilomita 241,420

Leo ilikuwa zamu ya kutafuta mahali hewa inapovuja, na ni kazi ninayoipendekeza kwa yeyote mwenye gari la namna hii kabla hajanunua hata plagi. Kifaa chake ni rahisi: kizibo cha plastiki kinachoingia kwenye mdomo wa mpira wa hewa, upande wa turbo wa sensa inayopima hewa, kikiwa na valvu ya tairi katikati. Kompresa inajaza mfumo polepole hadi bar 0.7 hivi, injini ikiwa imezimwa, na mtu anapitisha maji ya sabuni kwenye kila kiungio huku akisikiliza. Hakuna haja ya kupandisha presha zaidi ya ile ambayo turbo huizalisha kwa kawaida, kwani sili za injini hazikuumbwa kwa majaribio ya pupa.

Matatizo matatu yalijitokeza. La kwanza ni ufa mrefu kwenye mpira mkubwa unaoipelekea turbo hewa, ule unaopita chini ya manifoldi ya kuingizia hewa. La pili ni mipira miwili myembamba ya vakyumu iliyokauka hadi ikawa migumu kama ukuni. La tatu ni povu lililochemka kando ya intakula, yaani kipozeo cha hewa iliyotoka kwenye turbo, pale plastiki inapobanwa na alumini.

Inafaa kueleza kwa nini nyufa hizi zina madhara tofauti, kwa sababu dalili zake huchanganya watu. Kompyuta ya injini hii hupanga kiasi cha petroli kulingana na hewa iliyohesabiwa na sensa iliyo karibu na boksi la filta. Ufa ulio kati ya sensa na turbo huingiza hewa ambayo haikuhesabiwa wala kuchujwa, kwa hiyo mchanganyiko hukosa petroli ya kutosha, na vumbi linaloingia hupiga moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo. Ufa ulio baada ya turbo hufanya kinyume chake: gari linapovuta, hewa iliyokwisha kuhesabiwa hutorokea nje, petroli inakuja kwa ajili ya hewa isiyokuwapo, na moshi mweusi hutoka. Zaidi ya hapo, kompyuta ikiona presha haijafika inapotakiwa, huiamuru turbo izunguke kwa kasi zaidi ili kuifidia. Turbo ya kawaida huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika inapofanya kazi, na kuitaka iongeze kasi kila siku kwa sababu ya mpira uliopasuka ni kuila maisha yake bure.

Takwimu za kompyuta zilithibitisha. Kabla ya kazi, marekebisho ya muda mrefu ya petroli yalikuwa yamepanda hadi asilimia 12 injini ikinguruma tu, maana yake ni kwamba kompyuta ilikuwa ikiongeza petroli kwa kiasi hicho ili kuziba pengo la hewa isiyohesabiwa. Kwa kawaida natarajia namba hiyo isizidi asilimia 5 kwenda juu au chini.

Mpira mkubwa umebadilishwa na wa silikoni wenye kitambaa ndani. Kazi yake ni ndefu kwa sababu manifoldi lazima inyanyuliwe, na nikiwa hapo nilibadilisha gasketi za manifoldi na kila mpira mwembamba ulioonekana, hata ile ambayo haikuwa imepasuka bado. Bei ya mipira hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na saa za kuifikia tena. Intakula imesubiri, nitaieleza mbele.

Kilomita 241,900

Sasa ule moshi wa buluu. Mtu wa kwanza aliyeuona alisema turbo imekufa, na kwa magari haya hukumu hiyo hutolewa upesi mno. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, lakini oili inaweza kufika kwenye moto kwa njia nyingi: kupitia ringi, kupitia sili za valvu, au kupitia turbo, na hata ikipitia turbo, turbo yenyewe yaweza kuwa haina kosa lolote.

Shafti ya turbo haishikiliwi na gololi katika muundo wa kawaida. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya bushi zake, oili hiyo ikisukumwa na pampu ya injini, na baada ya kupita kwenye bushi inarudi chini kwa uzito wake tu, bila presha ya kuisukuma. Zile zinazoitwa sili za turbo ni ringi ndogo za chuma ambazo haziwezi kuzuia oili iliyojikusanya. Zinafanya kazi yake mradi oili inashuka kwa uhuru. Ikiwa bomba la kurudishia limeziba, au ikiwa presha imejijenga ndani ya tumbo la injini, nafasi ya chini inamozunguka krenki, oili inakosa pa kushukia, inapanda kwenye bushi, na inamwagika upande wa hewa au upande wa ekzosi. Hapo mtu hununua turbo mpya, anaifunga kwenye injini ileile yenye presha ileile tumboni, na baada ya muda mfupi moshi unarudi.

Kwa hiyo kabla ya kuigusa turbo nilipima presha ya tumbo la injini kwa kuweka geji nyepesi kwenye mdomo wa kijiti cha oili. Mahali ambapo injini yenye afya ikinguruma huonyesha mvuto mdogo wa kunyonya, hii ilionyesha msukumo wa kwenda nje. Valvu ya kupumulia ya tumbo hilo ilipotolewa na kutikiswa haikutoa sauti ile ya kugongagonga inayoashiria kuwa inacheza; ilikuwa imegandishwa na masizi. Mipira miwili inayotoka kwenye vifuniko vya valvu ilikuwa na utando mzito wa oili na unyevu, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na kahawa, na mmoja wao ulikuwa umebaki na tundu jembamba tu. Hali hii hujitokeza sana kwenye magari yanayotembezwa safari fupi fupi, kwa sababu injini haipati joto la kutosha kuukausha unyevu.

Valvu imebadilishwa, mipira imebadilishwa, na bomba fupi la kurudishia oili kutoka kwenye turbo limetolewa, likasafishwa, na kufungwa kwa mpira mpya unaostahimili oili na joto. Nilichukua pia nafasi ya kuitoa bolti yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo. Baadhi ya injini za familia ya EJ zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti hiyo, na kikiziba turbo hukaa na njaa ya oili bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi, kwa kuwa sensa ya presha ya oili iko sehemu nyingine kabisa. Wavu wa gari hili ulikuwa na chembe za masizi lakini haukuwa umeziba. Umesafishwa na kurudishwa na washa mpya za shaba.

Ndipo turbo yenyewe ikakaguliwa. Mpira wa kuingizia hewa ukiwa umetoka, shafti ilishikwa kwa vidole na kusukumwa. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, kwani oili inayojaza nafasi ile haipo injini ikiwa imezimwa. Kisichokubalika ni kucheza kwa kwenda mbele na nyuma, au mapanga kugusa nyumba yake. Hapa mapanga hayakugusa popote, na kingo zake zilikuwa na alama ndogo za vumbi ambazo naamini zililetwa na ule ufa wa mpira. Turbo inabaki.

Oili iliyowekwa ni ya sintetiki kamili ya 5W-40, pamoja na filta mpya, na ratiba niliyojiwekea ni kuibadilisha kila kilomita 5,000. Kwa injini isiyo na turbo ningeona ratiba hiyo ni ya tahadhari kupita kiasi. Kwa injini ambayo oili yake hupita milimita chache kutoka kwenye ekzosi inayoweza kuvuka nyuzi 800, siioni hivyo. Oili inayobaki kwenye bushi baada ya injini kuzimwa ikiwa ya moto sana huungua na kuwa makaa magumu, na makaa hayo ndiyo huziba njia. Gari hili lina maji yanayozunguka kwenye turbo, na muundo wake unaruhusu maji hayo kuendelea kupanda kwa joto lake hata baada ya injini kuzimwa, jambo linalosaidia sana. Hata hivyo naendesha kwa upole kilomita mbili za mwisho kabla ya kufika ninakokwenda, na baada ya hapo sioni sababu ya kufunga kile kifaa kinachoiacha injini iwake yenyewe mtu akiwa ameshaondoka.

Kilomita 243,200

Moshi haujaonekana tangu kazi iliyopita. Marekebisho ya petroli yameshuka hadi asilimia 3. Kiwango cha oili kwenye kijiti hakijashuka kiasi cha kuhitaji kuongezwa.

Kazi iliyofuata ni mkanda wa taimingi, kwa kuwa hakuna ushahidi wa mara ya mwisho ulipobadilishwa, na kwa injini hii ukikatika pistoni hukutana na valvu. Hili si jambo la kukisia. Pamoja na mkanda nimebadilisha puli zote unazozipitia, kikazio, pampu ya maji, thamostati, na sili za mbele za krenki na kamshafti. Nimeona watu wakibadilisha mkanda peke yake ili kupunguza gharama, ilhali mara nyingi beringi ya puli iliyochoka ndiyo inayouangusha mkanda mpya. Kwa magari ya gia za mkono kuna kipande kidogo cha kuulinda mkanda usiruke meno kwenye puli ya krenki, na nafasi yake kutoka kwenye mkanda ni takribani milimita moja. Fundi asiyelijua hilo hukirudisha mahali popote kinapokaa, au hukiacha nje kabisa.

Maji ya rejeta yalitolewa yote, mfumo ukasukumwa kwa maji safi mpaka yakatoka meupe, kisha ukajazwa kulanti inayofaa alumini. Kifuniko cha rejeta kimebadilishwa. Ni kipuri cha bei ndogo mno, lakini springi yake ikilegea presha haishikiki, maji yanachemka kwa nyuzi za chini, na mwenye gari anaanza kuhangaikia gasketi ya silinda hedi isiyo na tatizo. Kutoa hewa kwenye injini hii ya silinda zilizolala kunahitaji subira: pua ya gari iinuliwe, maji yamiminwe polepole kupitia tangi dogo la juu, na injini iachwe ingurume mpaka feni ziwake na kuzima.

Kilomita 245,000

Plagi, koili na injekta. Vifuniko vya valvu vilikuwa vikivujisha oili ndani ya visima vya plagi, na oili hiyo hulainisha mipira ya koili mpaka umeme unatafuta njia ya pembeni. Gasketi na sili za visima zimebadilishwa. Plagi mpya ni za iridiamu, joto lilelile lililopendekezwa na kiwanda, na nafasi ya cheche imepimwa kuwa milimita 0.75. Kwenye turbo nafasi pana huleta kumisi gari linapovuta, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa inadai umeme mkubwa zaidi ili cheche iruke. Injekta zimepelekwa kwenye mashine ya kuoshea na kupimia. Mbili zilikuwa zikitoa pungufu kidogo kuliko wenzake, na baada ya kuoshwa zote zimelingana.

Sensa ya hewa imesafishwa kwa dawa yake maalumu, bila kuigusa kwa kitambaa. Sensa ya oksijeni ya mbele ilikuwa ikijibu kwa uvivu, imebadilishwa.

Kilomita 246,700

Breki, tairi na miguu ya gari. Nimeziweka kabla ya maboresho yoyote ya nguvu, na sitaki kubishana na mtu kuhusu mpangilio huo.

Maji ya breki yaliyotoka yalikuwa meusi. Maji haya hunyonya unyevu wa hewani kadiri muda unavyopita, na unyevu huo hushusha joto lake la kuchemka: kwa kiwango cha DOT 4, maji mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230, ilhali yaliyokwisha kunyonya unyevu yanaruhusiwa kushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu tofauti hiyo ndiyo pedali ngumu dhidi ya pedali inayozama sakafuni. Nayabadilisha kila baada ya miaka miwili.

Mbele nimefunga kalipa za pistoni nne za mtumba kutoka kwenye Impreza WRX, ambazo hutumia diski ya milimita 294 na kuhitaji rimu ya inchi 16 au zaidi. Huu ni mfano mzuri wa faida ya gari ambalo kiwanda chake kilitumia vipuri vya aina moja kwenye magari mengi: boresho linapatikana kwenye gari lililovunjwa, kwa sehemu ndogo ya bei ya vifaa vya duka la mashindano, na linafungwa kwa bolti zilezile. Lakini kalipa ya mtumba haifungwi kama ilivyokuja. Zimefunguliwa, pistoni zimekaguliwa kutu, sili zote za mpira zimebadilishwa, na mipira ya breki imewekwa mipya. Pedi ni za daraja la kati, zinazoshika zikiwa baridi, kwa sababu hili ni gari la barabarani na pedi za mashindano hazishiki mpaka zipate moto.

Bushi za mikono ya chini zilikuwa zimechanika, na shokapu mbili za nyuma zilikuwa zimelowa oili. Shokapu nimebadilisha zote nne. Baada ya hapo alaimenti ilipimwa, na gari ambalo lilikuwa likitangatanga kwenye upepo sasa linashika mstari. Nimefunga pia baa nene zaidi ya kuzuia kuinama upande wa nyuma, ya mtumba vilevile, yenye bushi mpya. Katika kazi zote za mradi huu, hakuna iliyobadilisha uendeshaji kwa gharama ndogo kama hii.

Kuhusu tairi, zote nne zimenunuliwa pamoja, za aina moja na ukubwa mmoja. Kwa gari linalovuta magurudumu yote, tairi moja mpya kati ya tatu zilizokwisha ina mzingo tofauti, na tofauti hiyo huilazimisha difrensho ya kati ifanye kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, mpaka sehemu yake yenye kimiminika kizito inaungua.

Kilomita 249,100

Sasa maboresho yanayohusu turbo.

La kwanza ni geji: ya presha ya turbo, ya presha ya oili, na ya joto la oili. Hazimwongezei dereva nguvu hata kidogo, ila bila hizo kila boresho linalofuata ni kubahatisha. Oili ikiwa na nyuzi 80, injini hii inatarajiwa kuonyesha angalau bar 1 ikinguruma na kama bar 3 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Gari linaonyesha zaidi ya hapo kidogo kwa hali zote mbili, jambo linalonipa utulivu kuhusu beringi za krenki.

La pili ni intakula. Hewa ikishindiliwa hupata joto. Katika siku ya nyuzi 25, hewa inayotoka kwenye turbo ndogo yenye presha ya bar 0.8 inaweza kupita nyuzi 100. Hewa ya moto ni nyepesi na hukaribisha mlipuko wa kabla ya wakati, ule mgongano wa ndani unaotoboa pistoni. Intakula yangu ilikuwa ikivuja na mapezi yake yalikuwa yamelala. Nimepata nyingine ya mtumba ya gari lilelile, nikaipima kwa presha ndani ya beseni la maji kabla ya kuilipia, nikaiosha ndani ili kuondoa oili iliyokusanyika, na nikayanyoosha mapezi kwa kitana chembamba. Kisha nikabadilisha sponji inayoziba nafasi kati ya boneti na intakula. Ile ya zamani ilikuwa imeliwa, na hewa iliyoingia kwenye pua ya boneti ilikuwa ikipita pembeni badala ya kupita katikati ya mapezi. Kipande hiki cha sponji kimeshusha joto la hewa inayoingia kuliko nilivyotarajia, nami ninakitaja kwa mkazo kwa sababu hakimo kwenye orodha ya maboresho ya watu wengi.

La tatu ni mabomba ya ekzosi. Gasketi kati ya manifoldi ya ekzosi na turbo ilikuwa ikivuja, dalili yake ikiwa mlio wa tiki-tiki injini ikiwa baridi ambao hupotea ikipata moto na chuma kutanuka. Wazo la turbo, ambalo mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905, ni kuitumia nguvu iliyomo kwenye gesi ambayo ingepotea bure, na gesi inayovuja kabla ya kuyafikia mapanga ya turbo ni nguvu iliyorudishwa kwenye upotevu huo. Gasketi mpya, bolti mpya, na presha sasa inaanza kupanda mapema zaidi.

Mambo niliyoyakataa nayo yana nafasi yake hapa. Valvu inayopumulia nje kwa mlio haikufungwa, kwa sababu kwenye gari linalopima hewa kwa sensa, hewa inayotupwa nje imekwisha kuhesabiwa, na kila dereva anapobadilisha gia mchanganyiko unazidiwa petroli kwa muda. Valvu ya kiwanda inairudisha hewa hiyo kwenye mpira wa kuingizia, na inatosha. Kifaa cha kupandishia presha kwa kuzungusha kishikizo hakikufungwa pia. Kinaongeza presha kupita ile ambayo programu ya kompyuta iliipangia petroli na wakati wa cheche, na kwa pistoni zilizotembea kilomita hizi sioni namna ya kukitetea.

Nilichokubali ni kurekebisha programu ya kompyuta kwa kiasi. Kwa muda mrefu kabla ya hapo nilikuwa nikikusanya takwimu kwa RomRaider, programu huria inayosoma kompyuta za Subaru, nikiangalia presha, marekebisho ya petroli, na ni wapi kompyuta inarudisha nyuma wakati wa cheche kwa kusikia mgongano. Mtaalamu aliyefanya marekebisho alizipokea takwimu hizo kwanza. Presha ya juu imebaki ileile ya kiwanda; kilichobadilika ni jinsi inavyofika mapema na kwa mfululizo laini, pamoja na petroli kidogo zaidi katika mizunguko ya juu kwa ajili ya kupoza. Gari linatumia petroli ya okteni ya juu tu, na marekebisho yote yamepangwa kwa petroli hiyo.

Kilomita 253,600

Presha ambayo mwanzoni ilikuwa ikiishia bar 0.5 sasa inafika bar 0.8 na kushika. Injini inanguruma bila kuyumba. Katika gia ya tatu, mvuto unaanza karibu na mizunguko 2,800 badala ya kusubiri ivuke 3,500, na kwenye mlima hilo ndilo linaloonekana kuliko namba ya juu yoyote. Matumizi ya petroli yamepungua, jambo la kawaida baada ya kompyuta kuacha kuleta petroli kwa ajili ya hewa isiyokuwapo.

Kipimo cha kompresheni kimerudiwa na hakuna silinda iliyoshuka. Filta ya oili ya mwisho ilikatwa na karatasi yake kutandazwa juu ya meza: hakuna chembe za shaba wala za chuma zinazong'aa, ila masizi kidogo tu. Tumbo la injini linaonyesha mvuto wa kunyonya kama inavyopaswa.

Oili ya gia boksi na ya difrensho ya nyuma zimebadilishwa kwa 75W-90 ya kiwango cha GL-5. Sumaku ya bolti ya difrensho ilikuwa na ungaunga wa chuma wa kawaida. Ile ya gia boksi ilikuwa na vipande viwili vidogo vyenye umbo la ncha ya jino, na gia ya pili inakwaruza kidogo ikiingizwa asubuhi injini ikiwa baridi. Sinkronaiza ya gia ya pili, kipande kinacholinganisha kasi kabla gia haijaingia, imechoka. Gia boksi ya mtumba ya aina ileile imekwisha kutafutwa, namba zake zikilinganishwa na za gari ili uwiano wa difrensho ya mbele na ya nyuma ulingane, kwani uwiano ukitofautiana kwenye gari linalovuta magurudumu yote kitu kitavunjika katika kilomita za mwanzo. Itafungwa pamoja na klachi mpya na sili ya nyuma ya krenki, na kazi hiyo ndiyo itakayofungua ingizo linalofuata.